Koti Aliloshona Fundi Komba

Turubai likilowa mvua halafu likapigwa na jua, hutoa harufu ya nta, kutu na majani yaliyooza. Wiki iliyopita nilijikinga mvua kando ya lori moja hapa Dar es Salaam, vitabu nimevikumbatia kifuani. Mvua ikakatika, jua likatoka ghafla, na turubai la lori likaanza kufuka mvuke. Nilishindwa kuondoka. Utingo akanitazama, akauliza, "Dada, unamsubiri dereva?"

"Namsubiri baba yangu," nikamjibu. Neno lilinitoka lenyewe.

Akachungulia nyuma ya lori, akachungulia hata chini, akasema, "Basi akija mwambie sisi hatuchukui abiria."

Nilicheka, nikaenda zangu. Lakini tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri, na kwa kuwa nimezoea kuhoji kila kitu, nimeona nijihoji na mimi mwenyewe. Ninyi mnaosoma mtanivumilia.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo mjini Mbeya katika miaka ya sabini. Kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe na kusimamia majosho huko chini kwenye bonde la Usangu, kwa Wasangu wenyewe na kwa Wasukuma waliokuwa wameanza kuhamia na makundi yao makubwa kutoka kaskazini. Alikwenda kwa pikipiki, nyeusi, nzito kama ndama, aliyouziwa na padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Alirudi Jumamosi amefunikwa vumbi mpaka kwenye kope, mchele wa Usangu umefungwa nyuma na kibuyu cha maziwa mgando kinaning'inia ubavuni.

Mama, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye ulimi mwepesi, aliiita pikipiki ile mke mwenza. Asubuhi alipomimina chai aliuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?"

"Amekohoa usiku kucha," Baba alijibu bila kuinua macho. "Nadhani ni plagi."

Na plagi yenyewe ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye kopo la sukari, kwa sababu Baba aliamini kwamba ndani ya nyumba nzima hakuna mahali pakavu kuliko hapo. Sukari yetu ilikuwa na ladha ya petroli kidogo. Nilipofika shule ya bweni na kunywa chai ya watu wengine niliona imepungukiwa kitu.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya mlima Loleza inaposhuka na kukaa mjini kama mgeni asiyejua kuaga, Baba aliifunika pikipiki kwa blanketi. Blanketi lilikuwa letu, mimi na kaka yangu Lusekelo. Tuliponung'unika alisema, "Ninyi wawili mnapeana joto. Yeye yuko peke yake."

Jirani yetu wa karibu alikuwa Fundi Komba, Mngoni wa Songea, mfupi, mwenye shingo aliyoiinamisha upande kana kwamba anasikiliza kitu begani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja karibu na soko. Baba alikuwa Mhehe wa Iringa. Mnajua wenyewe Wahehe na Wangoni: mababu walichinjana vya kutosha, wajukuu wakabaki watani, mmoja akiitwa mla mbwa, mwingine mla panya. Ikawa haipiti siku bila vita.

"Mhehe!" Fundi aliita kutoka uani kwake. "Mbwa wangu hajaonekana tangu jana. Hebu fungua kinywa nikague meno."

"Mbwa wako amekimbia njaa," Baba alimrudishia. "Panya wote umewamaliza wewe, yeye ale nini?"

Fundi Komba ndiye aliyemshonea Baba koti la safari. Alipata turubai la lori kuukuu, akalikata, akalipigia sindano nene mpaka vidole vikatoka damu, akaweka kola ndefu ya kuziba masikio na mifuko mirefu ya kuingiza spana. Mvua ya Mbeya haikuweza kupenya. Baba alilivaa alfajiri, akaondoka kwenda Iringa kumwona mama yake, na njia nzima alishangaa watu wanavyomchekea. Alipofika Mlandege, nyumbani kwa Bibi, ndipo alipoambiwa ageuke. Mgongoni, kwa uzi mwekundu, Fundi alikuwa amemdarizi mbwa, mkia juu, ulimi nje.

Hakumfumua. Aliporudi alimletea Fundi kifurushi kilichofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, akasema ni nyama kavu ya mbuzi, zawadi kutoka kwa Bibi. Walikuwa panya. Fundi alikifungua mbele ya wateja, akanusa, akauliza kwa nini hawakutiwa chumvi.

Sikuwahi kuwasikia wakiitana kwa majina yao.

Kila Baba alipopata likizo alikwenda Iringa, na kila safari alimchukua mtoto mmoja. Tulikwenda kwa zamu, mimi na Lusekelo. Mdogo wetu alikuwa bado ananyonya. Zamu yangu ya kwanza ilifika nilipokuwa darasa la kwanza. Mama alinivika sweta mbili, akanipandisha nyuma ya Baba, kisha akachukua kitenge chake kipana na kunifunga mgongoni kwa Baba kama mtoto mchanga, fundo kifuani kwake. "Akilala asianguke," alisema. Majirani walicheka: mwanamume mzima, mtumishi wa serikali, amebeba mtoto mgongoni kwa kitenge cha maua. Baba alipiga honi na kuondoka.

Kwa hiyo niwaambie ukweli, barabara ile sikuiona. Uso wangu ulikuwa umebanwa kwenye turubai, na mbele ya macho yangu alikuwapo mbwa mwekundu tu. Mbeya hadi Iringa niliijua kwa pua, kwa masikio na kwa baridi ya magotini. Igurusi ilikuwa matope ya mpunga. Chimala ilikuwa sauti za vyuma na wanaume wakiitana kwa lugha nisiyoijua, maana Wachina walikuwa wanajenga reli. Makambako ilikuwa upepo uliotupiga ubavuni mpaka pikipiki ikatembea upande kama kaa. Na Mafinga ilikuwa harufu tamu ya misonobari iliyopasuliwa, unga wa mbao ukiingia puani. Pale tulisimama, tukala mahindi ya kuchoma karibu na kiwanda cha mbao, na Baba akanisugua magoti kwa viganja vyake mpaka damu ikarudi.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Walimu walinichoka, Mama alinichoka, hata mchungaji alikuwa akipita njia nyingine akiniona. Baba hakuchoka. Nilipiga kelele kwenye kola yake, naye akajibu kwa kelele kupitia begani. Kwa nini Makambako kuna upepo? Kwa sababu milima imeacha mlango wazi. Nani aliuacha wazi? Hilo silijui. Nguzo za simu zinasikia baridi? Hazina magoti. Kila alipomaliza kujibu alisema, "Swali lingine?" Alisema kama mtu anayeongeza chai kwenye kikombe. Na akiwa hajui, alisema hajui. Tangu hapo nimekutana na maprofesa wachache tu wenye uwezo huo.

Tulipopanda mlima wa Iringa na kuingia uani Mlandege, alizima injini, akaligonga tangi kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Jamani, hapa ndipo wanapotoa chai, au nimepotea njia?"

Na Bibi, bila kutoka jikoni, akajibu, "Umepotea. Endelea mbele."

Nilidhani wamegombana. Kumbe ndivyo walivyosalimiana tangu Baba aliponunua pikipiki, na kamwene, salamu ya kawaida ya Kihehe, ilifuata baadaye, chai ikiwa tayari mkononi.

Tuliporudi Mbeya nilianza kuulizia zamu yangu nyingine kabla kitenge hakijafunguliwa. Baba akasema, "Kwanza Lusekelo, halafu wewe."

Ilipofika zamu ya Lusekelo, Lusekelo alikuwa na surua. Nikadai zamu ihamie kwangu. Mama akakataa, akasema huenda na mimi tayari ninayo ndani. Baba akaondoka peke yake. Alikuwa akijishika tumbo kidogo tangu juzi yake, akisema ni maziwa ya Usangu. Niliisikiliza pikipiki ikishuka, ikibadili gia kwenye kona, ikipungua, ikipungua, mpaka nikawa sijui kama bado naisikia au naikumbuka.

Ikaja simu ya maandishi kutoka Iringa ofisini kwa Baba, wakaileta nyumbani. Mama alifungasha nguo chache na kumbeba mdogo wetu. Fundi Komba alifunga cherehani huku suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, akampeleka Mama kituo cha basi, akapanda naye. Sisi wawili tukaachwa na Mama Mdogo, ndugu yake Mama, aliyekuja kutoka Tukuyu.

Baada ya siku chache Mama Mdogo alitupikia uji wenye sukari nyingi kupita kiasi. Hapo nilianza kuhisi vibaya. Akatukalisha, akasema, "Wanangu, baba yenu, Mungu amempenda zaidi."

"Kuliko nani?" nikauliza.

"Amempumzisha."

"Alichoka na nini?"

"Atupele," akaniita kwa jina langu, machozi yakimlengalenga, "baba yako ametutangulia."

"Ametutangulia wapi? Iringa?"

Alijifunika uso kwa kanga, akatoka nje. Lusekelo, ambaye alikuwa mkubwa na madoadoa ya surua bado yako usoni, akasema, "Amekufa, mjinga wewe," akaegemea ukuta, akalia mpaka akatapika uji.

Mimi sikulia. Niliwaona wamekosea. Nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga vizuri. Kwanza, hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyekuwa Iringa. Pili, mtu mzima anayejua kitu hukisema, hasemi mara kupendwa, mara kupumzika, mara kutangulia. Hayo ni mambo matatu tofauti. Tatu, pikipiki haikuwa imerudi. Baba akiwa safarini, pikipiki huwa haipo. Pikipiki haikuwapo. Kwa hiyo Baba alikuwa safarini. Mnaweza kucheka, lakini nimesomeshwa mantiki na watu wenye majoho, na hoja ile naiona mpaka leo ilikuwa na sura nzuri.

Tulipelekwa Iringa kwa basi kwa ajili ya kuanua matanga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona barabara ile. Nilishangaa kwamba Mafinga ina msitu mrefu kiasi kile. Nilikaa dirishani, na kila pikipiki iliyopishana nasi niliikagua. Mama Mdogo alidhani nafurahia safari.

Mlandege uani palijaa watu. Mama alikuwa kwenye mkeka, nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa, shingo imekuwa ndefu kama ya mtu mwingine. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama. Bibi alinipa kiazi. Niliuliza, "Baba yuko wapi?" Shangazi mmoja akasema nikacheze. Niliuliza kaburi liko wapi, maana Lusekelo aliniambia mtu akifa huwa na kaburi. Wakasema liko mlimani, watoto hawaendi. Nilizunguka nyumba nikitafuta pikipiki. Nyuma hakuna, chini ya mparachichi hakuna, bandani hakuna. Moyo wangu ukatulia. Kaburi sijaliona, pikipiki haipo, na watu wazima wote wanakwepa macho yangu. Walikuwa wanakosea wote kwa pamoja, na Baba akija watajuta kupika chakula chote kile.

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa magharibi, watu wameshakula, pombe ya ulanzi inazunguka katika vikombe, niliposikia injini.

Niliijua. Mtoto anaijua injini ya baba yake kama ndama anavyojua sauti ya mama. Ilikuwa inapanda kilima, inakohoa, inataka kuzima, inashtuka tena. Nilitazama nyuso za watu ili nione aibu yao. Ajabu, walikuwa wanatabasamu. Wanawake wawili waligusana viwiko. Bibi aliinua shingo.

Pikipiki ikaingia uani. Koti la turubai, kola juu. Kofia ngumu. Miwani ya vumbi. Akazima injini, akaligonga tangi kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kuchoka, sauti ileile, "Jamani, hapa ndipo wanapotoa chai, au nimepotea njia?"

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Na Bibi, machozi yakimtiririka kwenye mikunjo ya uso, akapaza sauti, "Umepotea! Endelea mbele!" Hata Mama alicheka. Niliona meno ya Mama kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Niwaambie tena ukweli: niliona kila kitu. Niliona vijana wawili wanahema nyuma ya pikipiki, maana walikuwa wameisukuma kilima kizima. Niliona koti linaburura karibu na ardhi. Niliona miguu mifupi haifiki chini sawasawa. Niliona shingo imeinama upande. Mimi niliyekuwa nadai ushahidi, ushahidi wote ulikuwa mbele yangu, nikaupita mbio kama mtu anayepita mitaro.

"Baba!" nililia, nikalivaa koti lile kwa mikono yote. "Baba, walisema umekufa! Mimi niliwaambia!"

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja alisema, "Mtoeni mtoto." Shangazi akanyanyuka. Yule mwenye koti akainua kiganja kumzuia.

Akapiga magoti. Miwani hakuivua. Fundi Komba maisha yake yote aliniita Upele, akijikuna kila aliponiona. Baba peke yake ndiye aliyeniita Pele.

"Pele," akasema, kwa sauti ya Baba.

"Naam."

"Nani alikwambia nimekufa?"

"Mama Mdogo. Na Lusekelo. Nikasema ni waongo."

"Si waongo, mwanangu. Nimekufa kweli."

Nilimtazama. Sikuona macho, niliona uso wangu tu, mara mbili, mdogo, kwenye vioo vya miwani.

"Tumbo liliniuma," akasema, taratibu, kila neno peke yake. "Nikafika kwa mama yangu, likazidi. Wakanipeleka hospitali. Madaktari wakajitahidi, nami nikajitahidi. Nikafa. Yuko Mngoni mmoja, mvivu sana, ndiye aliyenichimbia kaburi. Alichimba kutwa nzima kwa sababu kila mara alikuwa anakaa chini. Lakini alilichimba vizuri. Ni kavu. Swali lingine?"

"Inauma?"

"Iliuma. Sasa haiumi."

"Utarudi?"

"Hapana, Pele. Aliyekufa harudi. Atakayekwambia vinginevyo usimsadiki, hata akiwa mkubwa. Swali lingine?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa ndilo swali langu hasa tangu Mbeya, na mengine yote yalikuwa ya kulizungukia.

"Na zamu yangu?"

Alifungua mdomo, ukabaki wazi. Nilingoja. Baba alikuwa akijibu maswali yote, au anasema hajui.

Bibi ndiye aliyetuokoa. "Wewe Mngoni!" akafoka kutoka mkekani. "Vua koti la mwanangu kabla hujalitia chawa! Na hilo sufuria la nyama naliona unavyolitazama. Mwizi wa ng'ombe ukoo mzima!"

Mtu akacheka, kisha mwingine. Yule mtu akanyanyuka, akayumba, akaliendea sufuria, akalinyakua na kukimbia nalo, koti likiburura, wanawake wakimfukuza kwa miiko, uwanja ukivuma. Mama alinivuta mapajani mwake. Hapo ndipo nilipolia, na sikunyamaza mpaka nikalala.

Kwa miaka mingi nilimchukia Fundi Komba kwa siku ile. Baadaye niliacha kumchukia, nikaanza kumwamini kupita watu wote, kwa kuwa kati ya wakubwa wote yeye peke yake ndiye aliyeniambia. Wengine walinipa viazi. Yeye, kama mtani anavyomwiga marehemu msibani, alivaa koti la maiti, akatumia sauti ya maiti, akasema jambo ambalo ni maiti tu angeweza kunisadikisha. Nilipofika chuo kikuu, mhadhiri mmoja alitufundisha kwamba utani wa makabila hupunguza makali ya majonzi na kujenga mshikamano wa jamii. Niliandika sentensi hiyo, nikaipigia mstari, nikaona nimeelewa.

Mwaka jana Fundi Komba akafa kwao Songea, alikokuwa amerudi uzeeni. Mama aliniambia, "Nenda."

"Nikafanye nini?"

"Wewe ni Mhehe. Kazi yako unaijua."

Nikamwambia kwamba mimi sina kabila la namna hiyo, kwamba mambo hayo ni mabaki ya vita ambayo hayanihusu, kwamba siamini. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Yeye alipopanda kile kilima, alikuuliza unaamini nini?"

Nikaenda. Ndani ya basi, kupitia Njombe, nilijitungia mzaha mmoja baada ya mwingine, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akasogea. Kule msibani mjane wake alinikabidhi vitu vya marehemu: miwani yake ya kushonea iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na futikamba yake. Niliivaa miwani kwenye ncha ya pua. Niliinamisha shingo. Watu wakaanza kutabasamu, wakimtambua. Nikamwendea kaka yake, mzee aliyekaa kwenye kiti, nikamzungushia futikamba begani nimpime suti ya kwendea Iringa. Namba za mwanzo zilikuwa zimefutika, mahali kidole gumba chake kilipokuwa kikishika miaka yote. Nilifungua mdomo kusema kwa sauti yake, "Simama wima, mla panya mwenzangu."

Sauti haikutoka. Nililia, nimeinamia bega la mzee wa watu, futikamba imemkaba shingo.

"Mungu wangu!" mjane akapaza sauti kutoka mkekani. "Huyu naye ni mtani? Tumeagiza mchekeshaji, Iringa wametuletea mliaji! Waliaji tunao wenyewe, mwanangu, wamejaa tele!"

Wakacheka wote, kicheko kikubwa, cha kweli, na mzee akajinasua huku akikohoa na kunipigapiga mgongoni. Wakaniketisha miongoni mwa wafiwa, maana kazi ya utani ilikuwa imenishinda.

Nilikaa pale kwenye mkeka nikifikiri. Mimi nilikuwa na safari nzima ya kujitayarisha na sikuweza kutimiza sentensi moja. Yeye alikuwa amemchimbia rafiki yake kaburi kwa mikono yake, akavaa koti ambalo harufu ya mwenyewe ilikuwa haijatoka, akapanda kilima kwa pikipiki asiyoijua, akamchekesha mjane. Na mtoto alipomkimbilia kwa furaha, hakugeuza uso. Siku zote nilidhani kwamba uani pale Mlandege mimi nilikuwa nimefiwa na yeye alikuwa anaigiza. Ninyi mmenijua sasa, mtu wa kuhoji kila kitu. Lakini hili sikuwahi kulihoji. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyemwambia yeye kwamba rafiki yake amekufa. Wafiwa wote walikuwa wanambembeleza Mama na Bibi, mimi napewa viazi, na mtani anangojwa aingie achekeshe. Huenda alipopiga magoti na kusema "Nimekufa kweli," ilikuwa mara ya kwanza na yeye kuambiwa.